Sahani Isiyo na Jina

Kabla ya kumimina kahawa, Lavonne Hupp alitia kidole chake cha mwisho ndani ya kikombe, akakizungusha mara moja, akakitoa. Hata kikombe kikiwa kimetoka kabatini, hata kikiwa kimeoshwa mbele ya macho yako, ilikuwa vilevile. Alifanya hivyo nyumbani kwake, alifanya hivyo katika chumba cha madereva wa shule, na alifanya hivyo kila mwezi tulipokutana kushindana chini ya paa la bati la klabu yetu ya shabaha, kwenye machimbo ya zamani ya chokaa nje ya Halsey Ford, Missouri. Wageni walishangaa. Sisi tulikuwa tumeshazoea.

"Hicho kidole leo kimeoga?" Orrin Tackett alikuwa akimuuliza.

"Kimeoga kuliko wewe, mzee. Lete kikombe."

Tabia hiyo ilitoka kwenye bastola. Rivolva ina matundu sita katika silinda yake, na mtu akimaliza kupiga, sheria inamtaka afungue silinda, amwage maganda, amwonyeshe msimamizi kwamba hakuna kilichobaki. Wengi wetu tunaangalia tu. Lavonne aliangalia, kisha akagusa kila tundu kwa kidole, kama mama anayepapasa ufizi wa mtoto kutafuta jino. Nilipokuwa bado mgeni nilimuuliza kwa nini macho hayatoshi. Alisema macho yana uvivu wake. Yakizoea kuona kitupu, yataona kitupu hata siku ambayo kuna kitu.

Alikuwa dereva wa basi la shule ninakofundisha watoto kusoma. Kila alasiri, akishamshusha mtoto wa mwisho na kurudi uwanjani, alizima injini, akainuka, akatembea hadi nyuma kabisa akigusa kila kiti kwa mkono, kuhakikisha hakuna mtoto aliyelala akasahaulika. Madereva wote wanatakiwa kwenda hadi nyuma, lakini wengine hurusha jicho tu wakiwa nusu ya njia. Kutoka dirisha la darasa langu niliona kichwa chake chenye mvi kikitembea taratibu ndani ya lile basi la njano, kikiinama kulia, kikiinama kushoto. Sikuwahi kusikia kwamba amemkuta mtu.

Kwenye shabaha aliletwa na mume wake, Dorsey, ambaye alipenda bastola za kisasa zinazorusha maganda huku na huku. Kazi ya Lavonne ilikuwa kutambaa kwenye kokoto kuyaokota, ili Dorsey akayajaze baruti upya. Alitambaa miaka kadhaa. Siku moja akaona bibi mmoja kutoka Arkansas akipiga kwa rivolva, maganda yote yakibaki ndani ya silinda mpaka mwenyewe apende kuyamwaga kwenye kofia yake. Lavonne alisema hapo ndipo alipoijua silaha yenye adabu. Baadaye Dorsey alihamia Arkansas, akiwa na mashua na mwanamke wa duka la mashua, na Lavonne akabaki na mashine ya kujazia risasi.

"Nilipata kilicho bora," alikuwa akisema. "Mashine haikoromi."

Mimi nilijiunga mwaka ambao nyumba yangu ilikuwa imekuwa kimya mno. Lavonne alinifundisha mezani kwake jikoni, kwa bastola tupu. Risasi zilikuwa chumbani, mlango umefungwa, ufunguo katika mfuko wa aproni yake, kwa sababu alisema risasi na mazoezi makavu havikai chumba kimoja. Aliweka senti kumi juu ya mtutu, karibu na ncha, akaniambia nifyatue bila kuiangusha. Niliiangusha jioni nzima.

"Unavuta," alisema. "Usivute. Kuvuta ni kwa mbwa mkaidi. Minya. Kidole kirudi nyuma bila kusimama njiani, nyundo ipande, silinda izunguke, nyundo ianguke, na wewe usijue itaanguka lini."

"Nisijue?"

"Usijue lini. Lakini ujue kwamba umeminya wewe."

Maneno hayo sikuyatilia maanani wakati ule. Niliyaona kama yale mambo ambayo walimu wote husema, ambayo nami nawaambia watoto, na ambayo yanaingia kichwani kwa mlango mmoja na kutokea mwingine.

Klabu yetu ina mashindano makubwa ya mwaka mwezi wa kumi, wakati majani ya mialoni yamekuwa mekundu na kokwa za miti ya jozi zinaangukia paa la bati kama mawe. Kila mzunguko unapigwa kwenye sahani za chuma zilizosimama juu ya vigingi, na anayeziangusha kwa muda mfupi zaidi ndiye bora. Sahani ya mwisho, ambayo ukiipiga ndipo saa inapokoma, ni ndogo kuliko zote, kama kisahani cha kikombe cha chai. Hiyo ndiyo yenye heshima. Mshindi wa mwaka anaandikwa jina lake kwa rangi nyeusi juu ya sahani hiyo, na kwa mwaka mzima unaofuata sisi sote tunampiga. Tunapiga jina mpaka linang'oka, herufi kwa herufi. Hakuna kikombe cha fedha, hakuna pesa. Heshima yenyewe ni kupigwa risasi na rafiki zako.

Jina la Orrin lilikuwa limepigwa miaka mingi. Alikuwa mchimba visima mstaafu, mrefu, mwenye mikono mikubwa ambayo usingedhani inaweza kufanya jambo la upole, lakini kidole chake kwenye kifyatulio kilikuwa laini kama cha mpiga piano. Lavonne alikuwa wa pili. Mwaka hadi mwaka alikuwa wa pili, na kwa desturi yetu anayeandika jina la mshindi ni yule aliyemfuata. Kwa hiyo ni Lavonne aliyekuwa akichukua brashi na kuandika ORRIN kwa herufi nzuri kama za mwalimu wa zamani, ulimi umetoka kidogo pembeni mwa mdomo.

"Fanya ile O iwe ya mviringo," Orrin alikuwa akimwambia. "Mwaka jana ilikuwa kama yai."

"Kichwa chako ndicho kilichonipa mfano."

Lavonne hakuwa mtu wa kutaka mambo, au alikuwa mtu wa kuficha anachotaka. Lakini hilo alilitaka, na tulijua. Safari moja, tukiwa tunapaka sahani rangi nyeupe kabla ya mashindano, aliniambia bila kuinua macho, "Maribeth, natamani kabla sijazeeka nisikie mnalipiga jina langu. Nikae pale kwenye benchi na kahawa yangu, nisikie linavyolia."

Mwaka ninaousimulia, alikuwa akiongoza.

Ulibaki mzunguko wa mwisho. Orrin alikuwa ameshapiga, na akajikwaa mahali pa kubadilisha risasi. Rivolva ikiisha, unaifungua, unamwaga maganda, unaingiza risasi sita nyingine zilizoshikwa pamoja kwenye kiduara chembamba cha bati, unafunga, unaendelea. Kiduara cha Orrin kilikuwa kimepinda, kikakataa kukaa, akakisukuma kwa kidole gumba huku tukimtazama. Lavonne, ambaye kila kiduara chake alikuwa akikizungusha juu ya meza ya kioo nyumbani kuona kama kimenyooka, alihitaji tu kupiga kama anavyopiga siku zote.

Mimi ndiye niliyeshika saa. Nilisimama nyuma ya bega lake la kulia, mahali pa msimamizi.

"Pakia, jiandae," nilisema.

Alipakia. Akafunga silinda kwa mkono, polepole, akaingiza bastola kwenye ala. Akavuta pumzi.

"Uko tayari?"

Akatikisa kichwa kukubali.

"Subiri mlio."

Saa ikalia, naye akaanza. Sijui jinsi ya kueleza Lavonne alivyopiga, ila kusema kwamba hakuonekana kuwa na haraka. Mlio na sahani, mlio na sahani. Sahani sita za kwanza zikalala. Akafungua, maganda yakamwagika, kiduara kipya kikaingia kana kwamba matundu yalikivuta yenyewe, akafunga. Mlio, sahani. Mlio, sahani. Mlio, sahani. Mlio wa nne, na sahani ya nne ikaanguka. Zilibaki mbili, ya kawaida moja na ile ndogo nyeupe. Nyuma yangu nilisikia mtu akianza kucheka kwa furaha.

Lavonne akasimama.

Mtutu ulibaki umeelekea kwenye ukingo wa mawe, kama inavyotakiwa. Kidole chake kilitoka kwenye kifyatulio, kikanyooka pembeni mwa bastola, kama inavyotakiwa. Hakusogea. Nilidhani anarekebisha macho. Sekunde zikapita, na katika mchezo wetu sekunde ni kitu kirefu sana.

"Nimesimama," alisema.

Kuna sababu moja ambayo mtu wa rivolva husimama hivyo. Ni pale risasi inapokosa baruti, ikatoa mlio mdogo kama wa kifuniko cha chupa, na kipande cha risasi kikakwama ndani ya mtutu. Ukipiga nyingine juu yake, bastola inaweza kupasuka mkononi mwako. Kwa hiyo tunafundishwa kwamba ukisikia mlio mdogo, simama, hata kama umebakiza sahani moja ya kuwa mfalme. Lakini mimi sikuwa nimesikia mlio mdogo. Nilikuwa karibu naye kuliko mtu yeyote, na mlio wa nne ulikuwa sawa na wa tatu.

Tulifanya inavyotakiwa. Alifungua silinda, akatoa kila kitu, akapitisha kidole katika kila tundu. Gaylen Pruett, mwenyekiti wetu, muuza matairi, akaleta kijiti cha mbao cha kusukumia, akakiingiza mdomoni mwa mtutu. Kijiti kikapita moja kwa moja na kutokea upande wa pili. Mtutu ulikuwa safi.

Jozi ikaanguka juu ya bati.

"Lavonne," Gaylen alisema mwishowe, "sahani ilianguka."

"Niliiona."

"Risasi iliyokwama haiangushi sahani, bibie. Imetoka. Imefika. Imeangusha."

"Najua hivyo, Gaylen."

"Sasa ulisimama kwa nini?"

Alikuwa akiitazama mikono yake. "Nilisimama," alisema.

Hapa inabidi nieleze sheria, kwa kuwa ndiyo iliyofanya mambo yawe magumu. Msimamizi akikusimamisha kwa kudhani risasi imekwama, na mtutu ukakutwa safi, unarudia mzunguko wote tangu mwanzo, kwa sababu kosa si lako. Ukisimama mwenyewe, hurudii. Sahani zilizobaki zinahesabika umezikosa, na sahani mbili zilitosha kabisa kumrudisha Orrin juu.

Gaylen alinigeukia. "Maribeth, wewe ndiye uliyekuwa na saa. Ulimwambia asimame?"

Nilifungua mdomo.

"Fikiri vizuri," aliniambia, kwa upole, kama mtu anayemshikia mwingine mlango.

"Alimwambia," Orrin alisema kutoka kwenye benchi. "Mimi nilimsikia."

Orrin alikuwa na vizibo vya masikio, alikuwa amekaa mbali, na alikuwa ndiye atakayepoteza. Alisema hivyo huku akiangalia kofia yake. Watu wengine wawili watatu wakaanza kukumbuka kwamba nao walinisikia. Sijawahi kuona uongo ukipikwa haraka hivyo na watu wema hivyo.

"Hakusema neno," Lavonne alisema. "Nilisimama mwenyewe. Andika, Gaylen."

"Lavonne..."

"Andika nile chakula changu kabla hakijapoa."

Akala maharage yake ya pilipili akiwa amesimama, akaosha bakuli, akaondoka kabla ya sisi kukunja meza.

Juma lile kila mtu alikuwa na maelezo yake, na hakuna maelezo yaliyolingana na jambo. Wengine walisema masikio yake yamekwisha, lakini Lavonne alikuwa akisikia mtoto akifungua pipi kiti cha nyuma kabisa huku injini ikinguruma. Wengine walisema aliogopa kushinda, kwamba mtu akikaa wa pili muda mrefu anaota mizizi pale. Mke wa Gaylen alisema ni mapenzi, kwamba alimwachia Orrin kusudi. Hilo lilimfikia Orrin dukani na likamkasirisha kuliko kitu chochote nilichowahi kuona kikimkasirisha. Mimi nililala na kuamka na ile picha ya sahani ya nne ikianguka. Niliisikiliza tena na tena kichwani. Mwisho nikaanza kutokuwa na hakika kama kweli nilisikia mlio mzima, au ninakumbuka nilichotaraji kusikia.

Siku ya Jumatano niliona kutoka dirishani kwamba basi lake linaendeshwa na mwanamume nisiyemfahamu. Aliposhusha watoto aliruka chini, akafunga mlango, akaenda zake. Nikamuuliza katibu wa shule. Akasema Lavonne alileta funguo Jumatatu asubuhi, akaziweka mezani, akasema asante kwa miaka yote.

Alasiri ile nilikwenda kwake. Gari la Orrin lilikuwa limeshafika. Nilimkuta Orrin jikoni amesimama, kofia kichwani, na juu ya meza, kati ya sukari na chumvi, ameweka ile sahani ndogo. Ilikuwa imepakwa rangi nyeupe upya. Kando yake kulikuwa na kopo la rangi nyeusi na brashi.

"Nimemwambia aandike," Orrin aliniambia, kana kwamba mimi ndiye hakimu. "Aandike jina lake. Hataki."

"Desturi ni wa pili aandike la wa kwanza," Lavonne alisema. "Nitaandika lako. Kaa chini, unaniziba taa."

"Sikai. Na langu huliandiki mpaka uniambie ulisimama kwa nini. Watu wanasema ulinihurumia. Mimi, Lavonne. Umenihurumia?"

"Kwa lipi? Una pensheni na meno yako yote."

"Usinitanie leo."

Lavonne akatoa vikombe vitatu, akatia kidole kwenye cha kwanza, akazungusha, cha pili, cha tatu. Akamimina. Kisha akakaa, akatuambia, akiwa anaiangalia kahawa na si sisi.

"Sahani ya tatu niliipiga. Naikumbuka. Naukumbuka mshtuko mkononi, kidole kikirudi, vyote. Halafu nikaona ya nne imelala." Akakisogeza kikombe kando. "Sikuipiga."

"Uliipiga," nilisema. "Nilikuwa pale."

"Najua niliipiga. Nani mwingine? Ninachokwambia ni kwamba mimi sikuwepo. Kati ya ya tatu na kuiona ya nne imeanguka, hapana kitu. Si giza, si kizunguzungu. Hapana kitu. Kama ukurasa umechanwa. Bastola iko mkononi mwangu, imepakiwa, na imepiga, na sijui nani ameminya."

Orrin alikaa.

"Huenda ulikuwa umezama tu," alisema. "Mimi mara nyingine napiga mzunguko mzima, nikimaliza sikumbuki hata moja. Ndiyo siku ninazopiga vizuri."

"Najua siku hizo. Ninazo pia. Hii haikuwa hiyo."

"Unajuaje?"

"Sijui," alisema. "Ndiyo maana nilisimama."

Orrin alikuwa akizungusha kikombe chake. Nilimwona akifika polepole pale ambapo mimi nilikuwa nimefika, kwenye lile basi la njano, barabara ya mtoni yenye kona, na viti vimejaa.

"Ndiyo maana funguo," alisema.

"Ndiyo maana funguo."

"Lavonne, lakini kama ilikuwa mara moja tu..."

"Mara moja nilikuwa na bastola, na kulikuwa na mtu nyuma ya bega langu wa kuniangalia. Kwenye basi mwangalizi ni mimi."

Orrin hakumwomba tena aandike. Alichukua sahani, akaiweka kwapani kama mtu anayebeba mkate, akaacha rangi na brashi pale mezani. Mlangoni alisema, "Langu huliandiki. Nami lako siliandiki bila idhini yako. Basi," akaenda.

Mashindano ya Novemba yalipofika, sahani ya mwisho ilisimama kwenye kigingi chake nyeupe tupu. Hatukujua la kufanya nayo. Mtu akifika pale alisita kidogo kabla ya kupiga, kwa kuwa hapakuwa na herufi ya kulenga. Lavonne alikuja siku hiyo bila bastola, amebeba pai ya tufaha. Kwetu pai huletwa na mtu aliyefukuzwa mzunguko mwezi uliopita kwa kuvunja sheria ya usalama. Gaylen ameleta kadhaa. Lavonne hakuwahi kuleta hata moja maisha yake yote, na hakuna sheria aliyokuwa ameivunja.

"Hii ya nini?" Gaylen alimuuliza.

"Ya kula."

"Wewe hukufukuzwa."

"Basi niirudishe?"

Tuliila. Ilikuwa nzuri, na kila mmoja wetu aliitafuna akiwa na uso wa mtu anayefanya hesabu asiyoiweza.

Alikwenda kwa daktari Springfield, kwa sababu Orrin alimpeleka na kukaa chumba cha kusubiri mpaka aingie. Walimpiga picha za kichwa, wakambandika nyaya, wakamuuliza rais ni nani. Hawakuona kitu. Mkuu wa usafiri wa shule alipopata habari alimpigia simu mwenyewe, akamwambia arudi kazini, cheti kiko safi. Lavonne alikataa.

"Daktari amesema kichwa chako ni kizima," nilimwambia.

"Amekiangalia kichwa cha Alhamisi," alijibu. "Mimi nilikuwa na cha Jumamosi."

Na hapo ndipo ninapochanganyikiwa mpaka leo. Kwa sababu jambo lile halikutokea tena. Aliishi miaka miwili mingine, akili yake kali kama wembe, akikumbuka siku ya kuzaliwa ya kila mtoto aliyewahi kupanda basi lake, na hakuna siku ambayo yeye au mtu mwingine aliona ukurasa mwingine umechanwa. Kilichomwondoa ni mapafu, baada ya mafua ya Februari. Hakugusa bastola tena wala usukani. Alikuwa akija kwenye klabu, akichukuliwa na mmoja wetu, akikaa kwenye benchi na kahawa yake, na kutukagulia vikombe. Aliuza mashine ya kujazia risasi. Alinipa aproni, ile yenye mfuko wa ufunguo.

Mara nyingine nadhani aliyatupa maisha yake yote kwa ajili ya kitambo ambacho hata hakikuwa ugonjwa, ambacho Orrin anacho kila mwezi na anakiita kupiga vizuri. Mara nyingine, nikiwa dirishani na watoto wanapanda basi, nadhani ni yeye peke yake kati yetu aliyejua thamani ya neno sijui. Mawazo hayo mawili hayapatani ndani yangu. Nilidhani nikiandika habari zake yatapatana.

Orrin hakushinda tena. Mwaka uliofuata alishinda kijana wa kutoka Joplin, na jina lake likaandikwa na kupigwa likaisha kabla ya kiangazi. Ila ile sahani nyeupe Orrin aliing'oa kwenye kigingi kabla haijapakwa, akasema imechakaa. Haikuwa imechakaa. Ipo ukutani kwake juu ya jiko, imejaa mabaka ya risasi zetu, bila herufi. Nilimuuliza kama sasa, kwa kuwa mwenyewe hayupo, hataliandika jina la Lavonne. Akasema idhini haikutolewa.

Mara ya mwisho nilipomwona Lavonne ilikuwa Januari, theluji imeganda barabarani. Tulikunywa kahawa, kila kikombe na kidole chake. Nilikuwa nimekuja kwa ajili ya swali moja, na nililiuliza nikiwa nimeshavaa koti, kama watu wanavyouliza maswali ya namna hiyo. Nilimuuliza, kama angejua jambo lile halitatokea tena, je, angezipiga zile sahani mbili.

Alinifungia kifungo cha juu cha koti, ambacho mimi huwa sikifungi. Nikateleza hadi kwenye gari langu, nikaingia, nikawasha. Alikuwa bado mlangoni, blanketi mabegani, ananipungia nishushe kioo. Nikashusha.

"Umeangalia kiti cha nyuma?" aliniuliza.

"Hakuna mtu, Lavonne. Nimekuja peke yangu."

"Sikukuuliza umekuja na nani," alisema. "Nimekuuliza kama umeangalia."